Kisa cha Rrm4: uzi wa kuvu unapoota pande mbili

Uzi wa kawaida wa Ustilago maydis, kuvu inayoleta ugonjwa wa fugwe kwenye mahindi, hukua kwa ncha moja tu. Ncha ya mbele hurefuka, saitoplazimu husogea pamoja nayo, na huku nyuma seli hujenga kuta za kukingama na kuacha vyumba vitupu, kimoja baada ya kingine. Ukifuta jeni moja, iitwayo rrm4, mpangilio huo huvurugika. Uzi huota pande zote mbili, hubaki mfupi, na vile vyumba vitupu vya nyuma havitokei inavyopaswa. Seli haijafa wala haijakosa chakula. Katika hatua yake nyingine ya maisha, inapoishi kama hamira na kuzaliana kwa kuchipuza, hukua vizuri tu. Kilichoondolewa ni protini moja, Rrm4, ambayo kazi yake ni kushika RNA, ile nakala ya jeni ambayo seli huisoma ili kutengeneza protini.

Kisa chenyewe ndicho hiki: protini ya kushika RNA inahusikaje na uzi kujua upande wa kukulia?

Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba Rrm4 hupeleka RNA jumbe kwenye ncha, RNA hiyo husomwa hukohuko, protini za ukuaji hupatikana mahali zinapohitajika, na uzi husonga mbele. Ni jibu linalomezeka kwa urahisi. Kwa maoni yangu linaeleza sehemu ndogo tu ya ushahidi uliopo, na ukilifuata hadi mwisho litakupoteza. Nitaupitia ushahidi huo kwa mfuatano uliokuja nao, kwa sababu mfuatano wenyewe unaonyesha jinsi picha ilivyobadilika.

Kwanza, kwa nini kuvu hii. Katika maisha yake ya kawaida, seli mbili za hamira zenye jinsia zinazoafikiana hukutana juu ya jani, huungana, na kutoa uzi mmoja ambao ndio unaoingia ndani ya mmea. Kabla ya kuingia, uzi huo huwa umesimamisha mgawanyiko wa seli. Kwa hiyo unabaki seli moja ndefu, na kila kitu kinachohitajika kwenye ncha lazima kitokane na jeni zilizo ndani ya kiini kilicho mbali na ncha hiyo. Watafiti walipata njia ya kuuanzisha ukuaji huu maabara bila mmea na bila kuunganisha seli. Waliziweka jeni kuu za ukuaji wa uzi chini ya swichi inayowashwa na nitrati. Ukibadilisha chanzo cha nitrojeni kwenye chakula cha seli, zote huanza kutoa nyuzi kwa pamoja. Bila swichi hiyo kisa hiki kisingefuatilika kwa kina hiki, maana ungebaki kubahatisha ni seli ipi iko hatua ipi.

Rrm4 ilijitokeza mwaka 2005 katika kazi ya kundi la Michael Feldbrügge nchini Ujerumani, walipokuwa wakifuta jeni za protini zinazoshika RNA ili kuona ipi ina athari kwa ukuaji na kwa uwezo wa kuambukiza. Bila rrm4 nyuzi zilikuwa na kasoro na ugonjwa kwenye mmea ulipungua. Mwaka uliofuata waliiunganisha Rrm4 na protini ya kijani inayong'aa, wakaiona ikitembea ndani ya uzi ulio hai kama chembe nyingi ndogo, zikienda na kurudi kwenye reli za maikrotubuli, mirija myembamba ya protini iliyo ndani ya seli. Maneno “kwenda na kurudi” ni ya kushika, nitayarudia.

Katika kazi hiyo ya 2006 kulikuwa na jaribio ambalo naliona ndilo bora kuliko yote ya mwanzo. Rrm4 ina sehemu mbili kuu: mbele kuna sehemu tatu za kushikia RNA, na nyuma kuna mkia wa kushikamana na protini nyingine. Walipokata sehemu za kushikia RNA, protini iliyobaki iliendelea kutembea kama kawaida. Hata hivyo uzi uliharibika. Maana yake ni kwamba mwendo peke yake hautoshi: protini inayozunguka mikono mitupu haina faida yoyote kwa ukuaji. Hapo ndipo dhana kwamba shida iko kwenye RNA ilipopata msingi.

Ilibaki kuonyesha RNA yenyewe ikitembea. Hilo lilifanyika mwaka 2009, katika kazi iliyoongozwa na Julian König. Walionyesha kwamba Rrm4 hushika RNA kadhaa bayana, miongoni mwao ubi1, inayotoa protini yenye yubikwitini, na rho3, inayotoa protini ndogo ya kupitisha ishara. RNA hizo zilionekana zikitembea kwenye maikrotubuli pamoja na Rrm4. Sehemu ya mwisho ya RNA ya ubi1, ile isiyosomwa kuwa protini, ina kipande kinachofanya kazi kama anwani: ndicho kinachoiwezesha RNA hiyo kusafirishwa. Na Rrm4 isiyo na mikono, yaani iliyokatwa sehemu za kushikia RNA, haikuunda chembe za RNA zinazotembea, ingawa yenyewe ilikuwa ikitembea.

Ukisoma hadi hapo, hadithi ya kupeleka ujumbe kwenye ncha inaonekana imekamilika. Kuna anwani, kuna msafirishaji, kuna reli. Tatizo ni kwamba hakuna kituo. Chembe zile zilikwenda pande zote mbili, zikapita ncha, zikageuka, zikarudi. Hazikuwa zikirundika RNA mbele. Kipande kilichoitwa anwani kilieleza kwamba RNA ipande, lakini hakikueleza ishukie wapi.

Ulinganisho na hamira ya kuoka, Saccharomyces cerevisiae, unasaidia hapa. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba RNA ya jeni ASH1 hupelekwa kwenye seli changa inayochipuka, na hubaki huko. Protini She2 huishika RNA, She3 huiunganisha na Myo4, ambayo ni mota, yaani protini inayovuta mizigo ndani ya seli, na mota hiyo huivuta kwenye nyuzi za aktini. Protini Ash1 huzuia seli changa isibadilishe jinsia, wakati seli mama inaweza kubadilisha. Huo ni uchukuzi wenye anwani kwa maana halisi: RNA inatoka upande mmoja, inakwenda upande wa pili, inatia nanga, na matokeo ni tofauti kati ya pande hizo mbili. Nadhani mfano huu mzuri ndio uliowafanya wengi wautazame uzi wa Ustilago kwa miwani isiyo yake. Umbali ni tofauti, mota ni tofauti, reli ni tofauti, na tabia ya mzigo ni tofauti.

Mwaka 2012 chombo kilijulikana. Chembe za Rrm4 hazitembei zenyewe; ziko juu ya endosomu changa, vile vifuko vya utando ambavyo seli hutumia kupanga na kurejesha vitu vilivyoingia kutoka nje. Mota ni mbili, kinesini-3 na daineini, zinazovuta kuelekea ncha tofauti za maikrotubuli. Endosomu hizo zilikuwa zikijulikana tangu mapema kwamba hutembea kwa mota hizohizo. Kwa hiyo RNA haikuwa na chombo chake maalumu. Ilikuwa imedandia chombo kilichokuwa kikipita kwa shughuli nyingine. Na kudandia ndilo neno ambalo watafiti wenyewe walilichagua walipoeleza jambo hili baadaye.

Hapo hoja inapinda, na inafaa kutua kidogo kwenye hesabu. Kundi la Gero Steinberg mjini Exeter, Uingereza, lilichapisha mwaka 2014 vipimo vya kipande kikubwa kati ya viwili vinavyounda ribosomu, mtambo wa kusoma RNA na kutengeneza protini, kikisambaa chenyewe ndani ya seli ya kuvu hii. Kasi ya msambao waliyopata ilikuwa maikromita za mraba 0.311 kwa sekunde. Chukua umbali wa maikromita 50 kutoka kwenye kiini, umbali wa kawaida kabisa katika uzi. Kwa msambao wa namna hiyo kwenye mstari mmoja, muda unaohitajika kwa wastani ni mraba wa umbali ukigawanywa kwa mara mbili ya kasi ya msambao: 2,500 kwa 0.622, yaani sekunde zipatazo 4,000. Ni zaidi ya saa 1. Endosomu inayovutwa na mota kwa maikromita 1 hadi 2 kwa sekunde humaliza umbali huohuo kwa chini ya dakika 1. Na umbali ukiongezeka mara mbili, mwenye kuvutwa anahitaji muda mara mbili, bali mwenye kusambaa anahitaji mara nne. Uzi mrefu hauwezi kuutegemea msambao, hata kama hakuna RNA hata moja yenye anwani.

Watafiti hao waliona jambo jingine zito zaidi. Ribosomu zilizokuwa zimeshikana na RNA, zikiwa katika kazi ya kuisoma, zilisafiri nzima nzima juu ya endosomu. Endosomu zilipozuiwa kutembea, au Rrm4 ilipoondolewa, ribosomu zilirundikana karibu na kiini na ukuaji ukadorora vibaya. Hitimisho lao lilikuwa kwamba uchukuzi huu husambaza mitambo ya kutengeneza protini katika uzi wote, kwa kupanda na kushuka huku na kule, hadi kila sehemu inapata fungu lake.

Sasa tuna maelezo mawili yanayoshindana. La kwanza linasema Rrm4 huchagua ujumbe maalumu na kuupeleka mahali maalumu. La pili linasema Rrm4 hukoroga: huhakikisha ujumbe na ribosomu havibaki vimerundikana kwenye kiini. Ukikubali la kwanza, uzi wa pande mbili unatokana na ujumbe fulani kukosekana kwenye ncha. Ukikubali la pili, unatokana na uzalishaji kukosa mtandazo.

Kazi ya 2019 ya kundi la Feldbrügge pamoja na wataalamu wa takwimu za jeni iliongeza uzito upande wa pili, ingawa sidhani kwamba hilo ndilo lililokusudiwa. Walipima kwa usahihi wa herufi moja moja, yaani vipande vidogo vinavyounda RNA, mahali ambapo Rrm4 hushika RNA katika seli nzima. Malengo yalikuwa maelfu. Jenomu yote ya kuvu hii, iliyochapishwa mwaka 2006, ina jeni karibu 6,900. Msafirishaji anayegusa maelfu ya RNA katika hazina ya ukubwa huo ni vigumu kumwita mchaguzi mkali. Herufi anazozipenda ni UAUG, zinazoshikwa na sehemu yake ya tatu ya kushikia RNA. Herufi nne hutokea mara nyingi mno kuweza kuwa anwani ya mtu mmoja.

Lakini data hizohizo zilikuwa na jambo ambalo maelezo ya kukoroga hayalitarajii. Sehemu nyingi za kushika zilikuwa kwenye kipande cha nyuma kisichosomwa, sawa. Ila katika baadhi ya RNA, Rrm4 ilikaa barabara juu ya kodoni ya kukomesha, pale pale ribosomu inapomalizia kazi. Mkorogaji hana sababu ya kujali mahali ribosomu inapokomea. Anayejali ni yule ambaye kazi yake imefungamana na usomaji wenyewe. Hapo ndipo ninapoona maelezo ya tatu, na ushahidi wake bora unatoka kwenye septini.

Septini ni protini zinazoungana kuwa fimbo, kisha fimbo huungana kuwa nyuzi na pete chini ya utando wa seli. Kuvu hii hutumia nne kwa kazi hii: Cdc3, Cdc10, Cdc11 na Cdc12. Katika uzi wenye afya, nyuzi za septini huonekana zikianzia kwenye ncha inayokua na kufifia kadiri unavyorudi nyuma. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba RNA ya cdc3 husafiri juu ya endosomu, na protini Cdc3 nayo iko juu ya endosomu hizohizo. Protini hiyo haikai hapo ikiwa RNA yake haisafirishwi. Ribosomu nazo zipo. Bila Rrm4, Cdc3 haifiki vizuri kwenye nyuzi za ncha, na ule mfifio hupotea.

Mwaka 2016 walikwenda hatua moja zaidi. RNA za septini zote nne husafiri hivyo. Na ukiondoa septini yoyote moja kati ya nne, nyingine tatu huacha kusafiri juu ya endosomu. Lingekuwa suala la kila protini kupanda kivyake, kuondoa moja kusingewagusa wenzake. Tafsiri yao, ambayo naikubali, ni kwamba RNA za septini husomwa juu ya endosomu, protini zinazotoka hukutana papo hapo, huungana kuwa mchanganyiko kamili, na kinachofika kwenye ncha ni kitu kilichokwisha kuunganishwa.

Nikiweka hoja hiyo kando ya swali la anwani, mambo mengi yasiyokaa vizuri yanakaa. Chembe kwenda na kurudi si dosari tena, kwa kuwa endosomu haihitaji kushusha RNA popote; inahitaji kubaki na RNA ili uzalishaji uendelee safarini. Rrm4 kushika kodoni ya kukomesha kunaeleweka. Hata maelfu ya malengo yanaeleweka: RNA nyingi zinafaidika kwa kutandazwa tu, na chache, zile za protini zinazopaswa kuungana na wenzake, zinafaidika kwa kusomwa bega kwa bega. Ncha haipati ujumbe. Inapata bidhaa.

Pingamizi la wazi ni kwamba yote haya yanaweza kuwa madhara ya endosomu kuharibika. Endosomu zina kazi nyingine nyingi, na uzi wenye endosomu mbovu ungekua vibaya kwa sababu zisizohusu RNA kabisa. Pingamizi hili lina uzito ukitumia mfano wa kuondoa kinesini-3, kwa sababu hapo unasimamisha chombo na mzigo kwa mpigo mmoja. Jibu lake ni Upa1. Protini hii, iliyoelezwa mwaka 2015, ina upande mmoja unaoshika mafuta maalumu ya utando wa endosomu na upande mwingine unaoshika mkia wa Rrm4. Ni kiungo kati ya chombo na mzigo. Ukiifuta, endosomu huendelea kutembea na kufanya kazi zake za kawaida, lakini usafiri wa RNA, ribosomu na septini huharibika. Chombo kinapita, mzigo umebaki. Na ukuaji unavurugika kwa namna ileile. Kwangu hilo linafunga suala la chombo. Kazi ya 2022 iliongeza undani: mkia wa Rrm4 una vishikio vitatu vya aina moja, na cha tatu ndicho kinachobeba jukumu kuu la kushikamana na Upa1, viwili vingine vikiwa wasaidizi.

Kuna ushahidi mmoja ambao haulingani vizuri na hoja yangu. Ni Cts1, kimeng'enya cha kukata kaitini, ile sukari ngumu iliyo kwenye ukuta wa kuvu. Mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba RNA ya cts1 hushikwa moja kwa moja na Rrm4. Katika uzi mzima, Cts1 hukusanyika hasa kwenye ncha inayokua. Bila Rrm4, hukusanyika kwenye ncha zote mbili, lakini kutolewa kwake nje ya seli hushuka sana. Yaani kimeng'enya kipo, kimefika kwenye ncha, tena mbili, na bado hakitoki. Wapenzi wa maelezo ya anwani hawawezi kusema kilikosa kufika. Wapenzi wa kukoroga hawawezi kusema kilikosa kutengenezwa. Mimi nami siwezi kusema kilikosa kuunganishwa na wenzake, kwa sababu hakuna mwenzake aliyeonyeshwa. Kinachoonekana ni kwamba njia ya kutokea nje inategemea mahali au namna protini ilivyosomwa, na kwamba kuwa kwenye ncha si sawa na kuwa tayari kwa kazi kwenye ncha.

Kuvu nyingine hazitoi jibu moja. Candida albicans, inayoleta maambukizi kwa binadamu, hutumia She3 ileile ya hamira kupeleka RNA zipatazo 40 kwenye chipukizi na kwenye ncha za nyuzi. Bila She3 nyuzi hutokea lakini hupenya vibaya. Hapo anwani ipo. Ashbya gossypii, yenye viini vingi katika saitoplazimu moja, hutumia protini Whi3 kukusanya RNA fulani katika matone: yale yenye RNA ya CLN3 hukaa karibu na viini na kuwezesha kila kiini kugawanyika kwa wakati wake, na yale yenye RNA ya BNI1 hukaa kwenye ncha na kwenye matawi mapya. Hakuna mota inayotajwa kama mhusika mkuu katika kisa hicho. Kwa hiyo ni kosa kuichukua Rrm4 na kuifanya kanuni ya kuvu zote, kama vile lilivyokuwa kosa kuichukua ASH1 na kuivisha Ustilago.

Kinachobaki ni kiungo kati ya septini na ule upande wa pili kuota. Nyuzi za septini zikivurugika ncha inapoteza kiunzi, hilo linaeleweka. Lakini kwa nini nyuma pachipue, badala ya mbele kudorora tu? Nionavyo mimi, uzi una uwezo wa kuota popote tangu mwanzo, na ncha ya mbele hushinda kwa sababu inapokea vifaa vingi kuliko sehemu nyingine. Ukipunguza tofauti hiyo, nyuma nako panapata nafasi. Cts1 kujikusanya kwenye ncha zote mbili kunalingana na hilo, ingawa hakulithibitishi.

Jaribio la kutenganisha maelezo yote matatu si gumu kulifikiria. Chukua uzi usio na Rrm4, kisha uziunganishe RNA za septini nne pekee na endosomu kwa kishikio kingine cha kutengenezwa, huku maelfu ya RNA nyingine zikibaki bila usafiri. Ribosomu kwa ujumla zitaendelea kurundikana karibu na kiini. Uzi ukirudi kukua upande mmoja, kuunganisha septini safarini ndiko kiini cha mambo na kukoroga ni nyongeza. Ukibaki na pande mbili ilhali mfifio wa septini umerudi kwenye ncha, basi kundi la Exeter lilikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyolipa haki hapa. Na RNA hizo ukizifunga kwenye ncha kabisa, zisitembee tena, uzi ukapona, itabidi wale wa anwani waombwe radhi.